Matone ya Dawa Baada ya Upasuaji wa Macho: Funga, Udhu na Sijida ya Mgonjwa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake, Maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika siku za mwisho za mwezi wa Shaaban alitujia kijana mmoja wa hapa Singida mjini, akifuatana na mama yake. Kijana huyo alikuwa amevaa miwani tangu akiwa darasa la tano. Kazi yake ikampeleka Dar es Salaam, na huko akafanyiwa upasuaji wa macho kwa mionzi ya leza ili aweze kuona bila miwani. Alirudi nyumbani akiwa na chupa tatu ndogo za dawa ya matone na karatasi iliyojaa saa: hii mara nne kwa siku, hii mara nne, hii kila unapohisi ukavu. Ramadhani ilikuwa imebakiza siku tano.

Mama ndiye aliyeanza kusema. “Sheikh, huyu mwanao ananiambia atatia dawa mchana na atafunga. Mimi najua dawa ikiingia mwilini funga imekwenda. Tena ameambiwa asitie maji usoni. Sasa ataswali kwa udhu gani? Na kusujudu je?”

Tulimkaribisha akae, kwani maswali yake yalikuwa matatu na kila moja lina mlango wake. Lakini kabla hatujamjibu, mawazo yetu yalikwenda kwa mtu mwingine, mzee ambaye zaidi ya miaka ishirini iliyopita alituuliza swali la kwanza kati ya hayo, nasi tukamjibu vibaya.

Wakati huo tulikuwa tumerejea karibuni kutoka chuo kikuu, tukiswalisha katika kijiji kimoja cha mkoa huu. Mzee huyo alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na akapewa dawa ya matone ya kutia mara nne kwa siku kwa muda wa mwezi mzima. Ramadhani ikamkuta katika wiki ya kwanza. Alitusimamisha baada ya swala ya alasiri, sisi tukiwa tunavaa viatu, akauliza kama dawa ile inafunguza. Tulikuwa tumesoma kwamba wanavyuoni wamehitilafiana, tukaona heshima ya elimu ni kuchukua lililo zito. Tukamwambia: “Mzee wetu, kwa tahadhari, iache mpaka magharibi.” Hatukumuuliza dawa ni ya nini, wala hatukumtuma arudi kwa daktari. Jibu lote halikuchukua muda mrefu kuliko kufunga kamba za kiatu.

Mzee alitii. Mara nne zikawa mara moja, na usiku mwingine usingizi wa baada ya tarawehe ukamchukua hata hiyo moja ikapita. Baada ya siku kumi jicho likawa jekundu na likaanza kuuma. Kwa haya na kwa subira akasubiri Idi ipite, na alipofika hospitali kidonda kilikuwa kimekwishaota kwenye kioo cha jicho. Kikapona kwa kuacha kovu jeupe, na kwa jicho lile mzee hakuona tena ila mwanga na kivuli. Daktari hakusema kwamba kuacha dawa ndiyo sababu pekee, kwa maana jicho lililopasuliwa laweza kuingiwa na maradhi hata likitunzwa. Lakini sisi tulikijua tulichokisema.

Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (RA) habari ya mtu aliyepigwa jiwe kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayammamu, wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) aliwalaumu kwa maneno makali sana, akawahesabu kuwa ndio waliomuua, na akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Kila tunapoisomesha hadithi hii tunamkumbuka mzee yule. Wale Maswahaba hawakuwa na nia mbaya. Walitaka ibada ya mwenzao isiharibike.

Basi tuanze na jicho lenyewe, kwa sababu hukumu ya kitu hufuata kukifahamu kwake.

Mbele kabisa ya jicho, juu ya ile sehemu yenye rangi na mboni yake, pana kioo angavu kinachoitwa konea. Unene wake katikati unazidi kidogo tu nusu ya milimita. Mwenyezi Mungu amekiumba bila mishipa ya damu, kwani damu ingezuia mwanga. Hupata chakula chake na hewa yake kutokana na machozi yanayokiosha kwa nje na maji safi yaliyo nyuma yake. Juu yake pana ngozi nyororo sana inayojifanya upya kila mara. Ukikwaruzwa na jani la mtama shambani, ngozi hiyo huweza kuziba mkwaruzo ndani ya siku chache, mradi jicho liwe na unyevu na lisiingiwe na vijidudu. Lakini jeraha likishuka chini ya ngozi hiyo hadi katika kioo chenyewe, hupona kwa kovu, na kovu ni kama ukungu kwenye dirisha: nyumba ni nzima lakini aliye ndani haoni nje.

Leza hufanya kazi katika kioo hicho. Katika njia moja daktari hukata utando mwembamba, kama sehemu ya kumi ya milimita, akaufunua kama mtu anavyofunua ukurasa wa kitabu. Mionzi hulichonga umbo la konea chini yake, kisha utando unarudishwa mahali pake bila kushonwa. Mgonjwa huyo huona vizuri mara nyingi siku ya pili yake, na hapo ndipo anapodhani amepona. Katika njia ya pili hakuna utando wa kufunua. Ngozi ya juu ya konea huondolewa kabisa, leza ikapita, na jicho likafunikwa kwa lenzi laini mfano wa bendeji kwa siku tatu mpaka tano hadi ngozi mpya iote. Huyu huumia zaidi na kuona kwake hurejea polepole. Kijana wetu alikuwa wa njia hii ya pili.

Sasa chupa zile tatu. Ya kwanza ni antibayotiki, ya kuwazuia bakteria wakati mlango uko wazi, na hii kwa kawaida hutumika kwa takriban wiki moja. Ya pili ni ya jamii ya steroidi, inayotuliza uvimbe ili kidonda kisipone kwa vurugu na kuacha ukungu. Katika njia ya pili huendelea kwa wiki kadhaa, pengine miezi, ikipunguzwa hatua kwa hatua kama daktari alivyopanga. Ya tatu ni machozi ya kutengenezwa. Watu huidharau hii kwa kuwa haina ukali wowote, na kumbe leza hukata vile vineva vidogo vinavyoliambia jicho litoe machozi, hivyo jicho likawa kavu kwa miezi. Ngozi mpya ya konea haioti vizuri mahali pakavu. Nani asiyeujua upepo wetu wa Singida wakati wa kiangazi, unapotoka upande wa ziwa Singidani ukiwa umebeba vumbi la njia nzima? Jicho lililotoka kwenye leza likiachwa mbele ya upepo huo bila tone la unyevu, halina raha.

Huenda msomaji wa Ikungi au Mkalama akasema: leza ni ya watu wa mijini wenye fedha, sisi yatuhusu nini? Ni kweli kwamba upasuaji huo hufanyika katika hospitali chache za miji mikubwa. Lakini upasuaji wa mtoto wa jicho umeingia katika nyumba nyingi za mkoa huu, na upo pia ule wa kurekebisha kope kwa walioathiriwa na trakoma, ambayo wazee wetu huiita vikope. Ukanda huu mkavu wa katikati ya nchi umeijua trakoma kwa vizazi. Mtoto huambukizwa mara nyingi, ukope wa juu unajikunja kwa makovu, na akiwa mtu mzima kope zake hugeukia ndani zikawa zinaichubua konea kila anapopepesa. Jirani zetu wa Kongwa, mkoani Dodoma, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet, ulioonyesha kwamba watoto ambao nyuso zao ziliwekwa safi walikuwa na nafuu ya trakoma kali. Tunalitaja hili kwa sababu mzazi anayemzoeza mwanawe udhu wa kweli, si wa kugusa paji la uso na kukimbia, anamkinga macho pia. Na anayerekebishwa kope hurudi nyumbani na marhamu au matone, na maswali yake ni yale yale matatu.

Tuje kwenye funga.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria sawa na 1277 Miladia, ameeleza katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma kwa masheikh wetu wa Kishafii, kwamba kutia wanja hakuidhuru funga hata kama mtu ataipata ladha yake kooni. Sababu yao ni kwamba jicho si tundu lililo wazi la kufikia tumboni kama ulivyo mdomo na pua. Mahanafi nao wako hapo. Malik na Ahmad, na waliowafuata, wameona kwamba kikifika kooni kinafunguza, na hii ndiyo kauli tuliyomchukulia mzee wetu bila kumpima hali yake. Imamu Bukhari ametaja katika Sahihi yake kwamba Anas (RA), na Hasan na Ibrahim katika Matabiina, hawakuona ubaya wa wanja kwa aliyefunga. Ama hadithi za kumkataza au kumruhusu zinazonasibishwa kwa Mtume (SAW) mwenyewe, Imamu Tirmidhi amesema hapana iliyosihi katika mlango huo. Ibn Taymiyya akajenga hoja juu ya hilo: lau jambo hili lingefunguza, na watu wote wanalihitaji, Mtume (SAW) angelibainisha.

Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah mwaka 1997 katika kikao chake cha kumi, likatoa azimio kwamba matone ya macho si katika vifunguzi. Wanavyuoni wa leo wametazama pia kipimo. Matone ishirini hivi ndiyo mililita moja. Tone moja likianguka jichoni sehemu kubwa yake humwagikia shavuni, kwa kuwa jicho halina nafasi ya kulibeba lote, na kinachobaki hugawanyika. Kidogo kinachoweza kushuka puani mpaka kooni ni kichache kuliko unyevu unaobaki mdomoni baada ya kusukutua katika udhu, na kusukutua hakumfunguzi mtu.

Kwa hiyo tulimwambia mama: mwanao atie dawa yake mchana, saa zake zote, na funga yake ni sahihi. Akihisi uchungu kooni, ateme kama anaweza, na asitie wasiwasi.

Kuna jambo hapa ambalo tulifundishwa na muuguzi wa macho, nasi tunaona kila msikiti ungelijua. Kwenye pembe ya ndani ya jicho, karibu na pua, pana vitundu viwili vidogo vinavyopitisha machozi kwenda puani; ndiyo maana anayelia hupenga. Mgonjwa akishatia tone, afumbe jicho pole pole bila kulikaza, kisha abonyeze kwa kidole pembe ile, upande wa mfupa wa pua na si juu ya jicho lenyewe, kwa dakika moja au mbili. Njia hiyo inazibika. Madaktari wanalitaka hili ili dawa ibaki jichoni ifanye kazi yake. Mwenye kuchunga funga atalipenda kwa sababu dawa haifiki kooni. Kwa hiyo hata anayefuata kauli ya Malik au Ahmad, au ambaye moyo wake hautulii, ana njia ya kutoka katika hitilafu bila kuacha tone hata moja. Lau tungelijua hili siku ile ya viatu!

Na ikiwa hali ni nzito zaidi, maumivu ni makali, au kuna vidonge vya kumeza mchana, basi huyo ni mgonjwa, na aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa siku nyingine za kulipa. Zimetufahamisha kwamba Mola wetu anatutakia wepesi. Asiyekuwa na haraka na upasuaji, kama kijana anayetaka kuacha miwani, angeweza kuupanga baada ya Ramadhani, na hilo tulimwambia kwa upole, ingawa lilikuwa limekwisha kupita.

Swali la pili ni la maji. Baada ya upasuaji, madaktari humkataza mgonjwa kuingiza maji ya bomba au ya kisima jichoni kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima au zaidi, kwa kuwa maji safi ya kunywa si lazima yawe safi kwa kidonda. Ijulikane kwanza kwamba ndani ya jicho si mahali pa kuoshwa katika udhu. Imepokewa katika Muwatta kwamba Ibn Umar (RA) alipooga janaba alikuwa akinyunyiza maji machoni, na Imamu Malik alipoulizwa akasema si hilo linalofanyiwa kazi. Kinachobaki ni ukope na pembezoni mwake. Ikiwa mgonjwa anaweza kuosha paji, mashavu na kidevu kwa mkono uliolowana, akafuta kuzunguka jicho bila maji kuingia, afanye hivyo. Ikiwa kufikisha maji kwenye ukope kunadhuru, kwa neno la daktari, basi huosha kilicho kizima na kutayammamu kwa ajili ya sehemu iliyoachwa, kama walivyosema Mashafii. Na ikiwa pana bendeji isiyoweza kuondolewa, hupaka maji juu yake kama haitalowana ikadhuru.

Hapa tuna nasiha kwa watu wa mkoa wetu wenye udongo mwekundu mwepesi. Tumewahi kumwona mtu aliyekatazwa maji akachukua vumbi kwa viganja viwili akalisukuma usoni na juu ya jicho lenye kidonda. Amekimbia mvua akaingia mtoni. Katika hadithi ya Ammar (RA) iliyomo katika Bukhari, Mtume (SAW) alipopiga mikono chini alipuliza kabla ya kupangusa. Mgonjwa wa macho apulize vumbi liwe jepesi kabisa, afumbe macho, apanguse uso na kuliepuka jicho lenyewe. Sehemu inayodhurika kwa vumbi ina udhuru kama ile inayodhurika kwa maji.

Ama sijida, hali za wagonjwa zinatofautiana. Kwa aliyepasuliwa kwa leza, hofu kubwa ya madaktari ni kusuguliwa na kugongwa, hasa yule mwenye utando uliofunuliwa, ambao kwa siku za mwanzo huweza kusogea. Kwa aliyetolewa mtoto wa jicho kwa tundu kubwa na nyuzi, kuinama sana huweza kukatazwa kwa muda. Wapo pia wanaopasuliwa kwa tundu dogo wakaruhusiwa kusujudu mapema. Basi aulizwe aliyempasua. Akisema mgonjwa asiiname, ataswali akiwa amesimama panapotakiwa kusimama, kisha atakaa na kuashiria rukuu kwa kichwa, na sijida kwa kuashiria chini zaidi kidogo kuliko rukuu.

Mas'ala haya si mapya. Imepokewa kwamba Ibn Abbas (RA) alipopoteza uoni aliambiwa angeweza kutibiwa kwa sharti aswali siku kadhaa bila kusimama wala kusujudu kwa kawaida, akakataa. Malik akaishika habari hiyo. Lakini Imamu Nawawi ameitaja mas'ala hii hii ya mgonjwa wa macho, ambaye tabibu mwaminifu amemwambia kwamba akiswali kwa kulala chali itawezekana kumtibu, na kauli iliyo sahihi zaidi kwake ni kuruhusiwa. Ibn Qudama wa Mahanbali katika al-Mughni ameliunga mkono hilo, akakumbusha kwamba Mtume (SAW) mwenyewe aliswali kwa kukaa alipochubuka ubavu. Mwenye kuchagua njia ya Ibn Abbas ana heshima yake. Asiwalazimishe wengine.

Msomaji anayeona tunaipa tiba nafasi kubwa kuliko subira na azingatie haya. Ni kweli kwamba imepokewa na Bukhari, kutoka kwa Anas (RA), kwamba mja akitahiniwa katika vipenzi vyake viwili, yaani macho, akasubiri, malipo yake ni Pepo. Lakini subira hiyo ni ya aliyekwisha kufikwa. Mtume (SAW) huyo huyo, siku ya Khaibar, alipoambiwa Ali (RA) anaumwa macho, hakumwacha asubiri, bali aliyatemea mate yake matukufu na kumwombea, akapona. Na Muslim amepokea kutoka kwa Uthman (RA) kwamba aliyehirimia akiumwa macho huyafunga kwa subiri, ule utomvu mchungu wa mshubiri. Hujaji ndani ya ihramu, na amezungukwa na makatazo mengi, hakunyimwa dawa ya macho. Umma huu ndio uliotoa akina Ali bin Isa wa Baghdad na Ammar bin Ali wa Mosul, matabibu wa macho zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na Ammar alilifyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye uwazi ndani.

Kutajwa kwa subiri kusimfanye mtu akakate mshubiri uani akamtilie mgonjwa wake aliyetoka hospitali. Waliufunga kwa nje juu ya macho, na macho yale hayakuwa yamepasuliwa. Katika nyumba zetu tumeona asali ikitiwa jichoni, maziwa ya mama mwenye kunyonyesha, maji ya majani yaliyosagwa, na hata maji ya Zamzam yaliyokaa kwenye dumu tangu Hija ya mwaka juzi. Asali ina shifaa kwa nassi ya Qur'ani na Zamzam ina baraka zake, vinywewe na dua iombwe. Kidonda cha konea ni jambo jingine. Madaktari David Yorston na Allen Foster walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wao juu ya vidonda vya konea hapa Tanzania, na walikuta karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alikuwa ametumia dawa za kienyeji jichoni. Wanja nao uwekwe kando mpaka daktari auruhusu.

Na yapo makosa ya wenye dawa za hospitali. Chupa ya steroidi ya baba hutiliwa mtoto mwenye macho mekundu, kwa kuwa ilimtuliza baba. Dawa hiyo hulinyamazisha jicho huku vijidudu vikiendelea kula, na ikitumiwa muda mrefu bila kupimwa huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtu huenda duka la dawa akainunua tena mwenyewe kwa sababu ilimpendeza. Mwingine huiacha ghafla siku anapoona vizuri. Yote mawili ni kuvunja amana ya kiungo alichopewa.

Katika kutia, mikono ioshwe kwa sabuni. Mgonjwa aangalie juu, ukope wa chini uvutwe kidogo uwe kama mfuko, liangushwe tone moja tu, na mdomo wa chupa usiguse jicho wala kope. Kama dawa ni mbili, zipishane dakika tano, la sivyo ya pili huiosha ya kwanza. Ukisahau, tia unapokumbuka. Usitie mara mbili kufidia. Chupa nyingi zikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki nne hata zikiwa na dawa, na zisiachwe kwenye dirisha lenye jua. Wazee wengi mikono yao hutetemeka, basi mjukuu apewe kazi hiyo na aandikiwe saa. Bibi asiyekuwa na mtu wa kwake nyumbani, jirani amsaidie, na haja ya tiba ina hukumu yake katika sheria. Maumivu yakizidi, wekundu ukiongezeka, usaha ukitoka au uoni ukififia, mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo, awe amefunga au hakufunga, Idi iwe karibu au mbali.

Kijana wetu alifunga mwezi wote. Mama yake aliweka kengele ya simu kwa kila tone, na kwa muda wa wiki mbili aliswali nyuma ya safu akiwa amekaa, mwenye miwani ya jua, jambo lililowafanya watoto wa madrasa wacheke mpaka tulipowaeleza.

Ama mzee wetu, tulimwendea baada ya Idi ile kumwomba radhi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: “Hili limekwenda, Sheikh, nimekusamehe. Kuna la kushoto, nalo lina mtoto wa jicho. Nikilipeleka hospitali utakuja kunitilia dawa?” Alilipeleka mwaka uliofuata. Kwa siku thelathini tulikwenda kwake baada ya alfajiri na baada ya alasiri, mjukuu wake akachukua zamu ya adhuhuri na isha. Jicho hilo alilisomea msahafu wa herufi kubwa mpaka alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wallahu a'lam.